Kusoma spektra ya NMR hatua kwa hatua, kwa kutumia mafuta ya karafuu

Mwanafunzi akikabidhiwa spektra yake ya kwanza ya NMR, yaani mchoro wa vilele vinavyotokana na atomu za dutu, mkono hukimbilia jedwali la kutafsiria vilele. Anaona kilele karibu na 7, anaandika "benzini", yaani pete ya kaboni sita. Anaona kingine karibu na 2, anaandika "metili", yaani kundi la CH3. Baada ya nusu saa ana vipande sita visivyoungana, na ameanza kuamini kwamba NMR ni somo la wenye vipaji. Nimekaa mezani na wanafunzi wa namna hii kwa miaka kadhaa, na karibu kila mara kosa ni lilelile: wameuliza protoni zinakaa wapi kabla ya kuuliza ziko ngapi. Hapa tutageuza mpangilio huo. Tutahesabu kwanza, tutaulizia majirani, na jedwali tutalifungua mwisho.

Mfano wetu ni eujenoli, dutu inayoipa karafuu harufu yake. Unaijua hata kama hujawahi kusikia jina lake: imo ndani ya pilau, na ndiyo inayonukia kliniki ya meno, ambako huchanganywa na zinki oksaidi kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda. Fomula yake ni C10H12O2. Haidrojeni 12 si nyingi za kukuchosha, lakini zimekaa katika mazingira tofauti kiasi cha kukufundisha karibu kila kitu cha msingi.

Hatua ya 1: Jua kinachotokea ndani ya sumaku

NMR, kwa jina refu la Kiingereza "nuclear magnetic resonance", ni mwitiko wa sumaku wa viini vya atomu kwa mawimbi ya redio. Neno "nyuklia" lililomo katika jina lake refu huwatisha watu bure, maana linataja kiini cha atomu tu. Hakuna kinachopasuka wala mionzi hatari inayotoka. Mashine ya MRI ya hospitali hutumia fizikia hiihii.

Kiini cha haidrojeni ni protoni moja, na protoni hiyo hutenda kama sumaku ndogo inayozunguka. Nje ya mashine, sumaku hizo zimeelekea ovyo. Ukiziweka ndani ya uga wa sumaku wenye nguvu, zinapata hali mbili tu: kufuata uga au kuupinga. Hali ya kuufuata ina nishati ndogo kidogo, na hicho "kidogo" ni kidogo kwelikweli. Ndani ya sumaku ya tesla 9.4, kwenye joto la kawaida la chumba, kati ya viini milioni mbili upande wenye nishati ndogo unauzidi mwingine kwa viini kama 64 hivi. Ishara yote utakayoiona inatoka kwa hao 64. Ndiyo maana NMR hudai sampuli nyingi kuliko vipimo vingine vya maabara, na ndiyo maana watu hutumia fedha nyingi kutafuta sumaku yenye nguvu zaidi: uga ukikua, ziada inakua.

Sasa fikiria pia ya watoto inayozunguka chini. Ikianza kulegea, shina lake huyumba na kuchora duara. Kiini ndani ya uga huyumba vivyo hivyo, na kasi ya kuyumba hutegemea nguvu ya uga unaokifikia. Kwa haidrojeni ni mara milioni 42.58 kwa sekunde kwa kila tesla moja. Zidisha kwa 9.4 upate megahezi 400. Watu wa maabara wakisema "mashine ya 400", wanataja kasi hiyo na si nguvu ya sumaku. Ukipeleka wimbi la redio lenye masafa yaleyale, kiini hulipokea na kugeuka. Hapo ndipo mwitiko ulipo.

Isidor Rabi alionyesha jambo hili kwa mkondo wa molekuli mwaka 1938. Edward Purcell huko Harvard na Felix Bloch huko Stanford walilipata ndani ya vitu vya kawaida, na wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1952. Wote walikuwa wanafizikia waliotaka kupima usumaku wa viini. Mambo yakageuka mwaka 1950, pale Proctor na Yu walipopima naitrojeni iliyomo katika amoniamu naitreti wakapata ishara mbili badala ya moja. Mwaka uliofuata, kundi la Stanford lilipima ethanoli ya kawaida na kupata vilele vitatu ambavyo maeneo yake yalikuwa kwa uwiano wa 1:2:3. Protoni moja ya OH, mbili za CH2, tatu za CH3. Wanakemia walipoiona picha ile walijua wamepata macho mapya. Zingatia kwamba kilichosema katika picha ile kilikuwa ni hesabu.

Kwa nini vilele vitatu, ilhali protoni zote ni sawa? Kwa sababu hakuna protoni iliyo uchi. Kila moja imezungukwa na elektroni, na elektroni ni kama mwavuli: huupunguza kidogo uga unaokifikia kiini. Mwavuli ukiwa mnene, kiini huyumba polepole zaidi. Mwavuli ukiwa mwembamba, huyumba haraka zaidi. Tofauti hizo ni sehemu chache kwa milioni, yaani ppm, na hizo ndizo namba zilizoandikwa chini ya spektra.

Zamani mashine ilipita masafa mojamoja, taratibu. Mwaka 1966 Richard Ernst na Weston Anderson walionyesha njia nyingine: piga viini vyote kwa pigo moja fupi la redio, la mikrosekunde chache, kisha sikiliza mlio wao wote kwa pamoja unavyofifia. Mlio huo ni mchanganyiko, kama kundi la taarabu linapopiga kwa pamoja. Mpenzi wa taarabu husikia udi peke yake, fidla peke yake, kanuni peke yake. Kompyuta hufanya kazi ya sikio hilo kwa hesabu za Fourier, na kila sauti inakuwa kilele mahali pake. Ernst alipata Nobel ya kemia mwaka 1991.

Si kila kiini hulia. Haidrojeni ya kawaida hulia, pia kaboni-13, florini-19 na fosforasi-31. Kaboni-12 na oksijeni-16 ni bubu kabisa.

Hatua ya 2: Safisha kabla ya kupima

NMR huona kila kitu kilichomo ndani ya neli, na haikuambii kipi ni chako. Mafuta ya karafuu hukenekwa kwa mvuke kutoka kwenye karafuu zenyewe, au kutoka kwenye makonyo na majani kama inavyofanyika Pemba. Sehemu kubwa ni eujenoli, lakini ndani yake mna pia eujenili asetati na kariofilini.

Eujenoli ni fenoli, na fenoli ni asidi dhaifu. Hiyo ndiyo njia ya kuitenga. Yeyusha gramu 2 za mafuta katika mililita 20 za diklorometheni ndani ya faneli ya kutenganishia. Ongeza mililita 20 za mmumunyo baridi wa sodiamu haidroksaidi wa asilimia 5, tikisa huku ukitoa gesi mara kwa mara, kisha acha matabaka yatengane. Eujenoli imegeuka chumvi na kuhamia kwenye maji. Kariofilini na asetati zimebaki nyuma. Usipashe moto hatua hii wala usiiache usiku kucha, kwa kuwa alkali itaivunja asetati kuwa eujenoli nyingine, na hutajua tena mafuta yako yalikuwa na nini mwanzoni. Chukua tabaka la maji, ongeza asidi ya haidrokloriki tone kwa tone hadi litmasi iwe nyekundu. Maji yatageuka meupe kama tui: hiyo ndiyo eujenoli inayorudi. Inyonye kwa diklorometheni mpya, kausha kwa sodiamu salfeti isiyo na maji, chuja, kisha vukiza kiyeyushi hadi kiishe. Vaa miwani na glavu, na kazi yote uifanyie ndani ya kabati la kufyonza hewa.

Hatua ya 3: Andaa neli

Kiyeyushi cha kawaida kina haidrojeni nyingi mno, zitaifunika sampuli yako kama mafuriko. Kwa hiyo tunatumia kiyeyushi ambacho haidrojeni zake zimebadilishwa na deuteri, yaani haidrojeni nzito. Kwa eujenoli chagua klorofomu ya deuteri, CDCl3. Kwa sukari na chumvi utahitaji maji mazito, D2O.

Pima miligramu 10 za eujenoli, yeyusha katika mililita 0.6 za CDCl3, na upitishe kwenye pipeti uliyoiziba kwa kipande kidogo cha pamba safi hadi ndani ya neli ya milimita 5. Kimo cha mmumunyo kiwe sentimita 4 hadi 5. Kuchuja si anasa. Vumbi na chembe za kutu huvuruga uga pale ndani, na vilele vyako vitakuwa vinene kama vidole. Ukitaka kupima kaboni pia, weka miligramu 30 hadi 50. Viyeyushi vingi huuzwa vikiwa na chembe ya tetrametilisilani, TMS, ambayo ndiyo sifuri yetu.

Neli zisafishe mapema na uzikaushe kikamilifu. Nilipokuwa naanza utafiti nilipoteza karibu wiki nzima nikisaka metili iliyo jirani na kaboni yenye oksijeni, kwa sababu ya kilele kikali kilichosimama 2.17. Nilichora molekuli tatu tofauti kukihalalisha. Kilikuwa asetoni: neli ilisuuzwa kwa asetoni na haikukauka. Tangu hapo nimebandika ukutani orodha fupi ya wageni wanaojulikana ndani ya CDCl3, na nakushauri uibandike pia: klorofomu yenyewe iliyobaki 7.26, diklorometheni 5.30, asetoni 2.17, maji 1.56, na ethili asetati ambayo huja na vilele vitatu, 4.12, 2.05 na 1.26.

Hatua ya 4: Ndani ya chumba cha mashine

Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiingie bila idhini ya msimamizi. Saa za mshale, kadi za benki, spana na funguo za chuma ziache nje. Sumaku haizimwi usiku, wala umeme ukikatika haizimiki, maana waya zake zimezama ndani ya heli kimiminika ya nyuzi 269 chini ya sifuri, ambako umeme huzunguka bila ukinzani wowote. Heli hiyo ikichemka ghafla hujaza chumba na kuifukuza hewa ya kupumua. Ukisikia mvumo mkubwa ukaona wingu jeupe, toka nje papo hapo.

Gharama ya heli ndiyo kikwazo kikubwa kwa vyuo vingi. Siku hizi kuna mashine ndogo za mezani za megahezi 60 zenye sumaku ya kudumu ya tesla 1.4, zisizohitaji heli kabisa. Vilele vyake husongamana zaidi, lakini kwa kufundishia kanuni zote za mwongozo huu zinatosha, na ningependa kuziona katika kila chuo kinachofundisha kemia.

Ukishaingiza neli, kuna kazi mbili kabla ya kupima. Kwanza, mashine ishike ishara ya deuteri. Deuteri huyumba kwa kasi tofauti kabisa, kama megahezi 61 pale haidrojeni inapokuwa 400, hivyo haiingilii spektra yako. Mashine huitumia kama nahodha atumiavyo nyota, kujua kama uga umesogea na kuurekebisha. Pili, uga usawazishwe ili uwe sawa juu na chini ya sampuli. Mashine mpya hufanya yenyewe, lakini thibitisha: tazama kilele cha TMS. Kikiwa chembamba, chini ya hezi 1, na pande zake mbili zinafanana, endelea. Kikiwa kimepinda, kila utakachosoma baadaye kitakuwa kimepinda.

Piga mapigo 16. Ukitaka ishara safi maradufu, piga mapigo mara nne zaidi, kwa kuwa usafi hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi. Na kati ya pigo na pigo, viache viini vipumzike. Viini visivyopumzika hutoa ishara pungufu, na kila kundi lina muda wake wa kupumzika. Kwa utambuzi wa kawaida sekunde 1 au 2 hutosha. Kwa kupima kiasi, subiri mara tano ya muda wa kundi linalopumzika polepole kuliko yote.

Hatua ya 5: Hesabu

Hapa ndipo kazi ya akili inapoanzia. Chukua penseli. Kata kwanza wageni: 7.26, 1.56, na sifuri ya TMS. Vilivyobaki ni makundi saba: 6.85, 6.69, 5.96, karibu na 5.5, 5.08, 3.87 na 3.32.

Usitazame urefu wa kilele. Kilele kirefu chembamba na kilima kifupi kipana vinaweza kuwa na protoni sawa. Kinachohesabika ni eneo, na programu hulitoa kama integrali. Chagua kundi moja lililojitenga vizuri uliweke kuwa kipimo. Kwa eujenoli ni mstari mmoja mkali wa 3.87: upe thamani ya 3. Vingine vitajipanga vyenyewe kwa uwiano huo: 6.85 ni 1, 6.69 ni 2, 5.96 ni 1, 5.5 ni 1, 5.08 ni 2, 3.32 ni 2. Jumlisha. Ni 12, sawasawa na fomula.

Kwa kweli utaona 0.97, 2.05, na ile ya 5.5 huenda ikawa 0.85. Hayo ni ya kawaida. Lakini jumla ikitoka 13 au 10, simama hapo hapo. Kuna mchafu, au viini havikupumzika, au umeweka kipimo chako mahali pasipofaa. Usiende hatua ya mbele ukiwa na hesabu isiyofunga.

Fomula nayo ina hesabu yake. Kaboni 10 zilizoshiba zingebeba haidrojeni 22. Tunazo 12, pungufu 10, yaani jozi 5. Kila jozi ni pete moja au bondi moja maradufu. Pete ya benzini hula nne. Inabaki moja, na tutaitafuta.

Hatua ya 6: Ulizia majirani

Protoni huhisi majirani walio kwenye kaboni inayofuata. Kila jirani yuko katika mojawapo ya zile hali mbili, na hivyo huongeza au hupunguza uga kidogo. Matokeo yake kilele hupasuka. Kanuni ya mwanzo: majirani n wanaofanana hutoa mistari n + 1. CH3 ya ethanoli ina majirani wawili, mistari mitatu. CH2 yake ina majirani watatu, mistari minne. Asiye na jirani hubaki mstari mmoja.

Tazama 3.87: mstari mmoja, protoni tatu. Ni metili isiyo na jirani yeyote. Tazama 3.32: protoni mbili, mistari miwili. Wana jirani mmoja tu. Jirani huyo ni nani? Pima umbali kati ya mistari hiyo miwili. Ni 0.0168 ppm, zidisha kwa 400 upate hezi 6.7. Umbali huu huitwa J, na haubadiliki hata ukihamia mashine nyingine. Ndiyo silaha niipendayo kuliko zote, kwa sababu ni kama deni lililoandikwa kwenye madaftari mawili: A akimpasua B kwa hezi 6.7, lazima B naye ampasue A kwa hezi 6.7. Itafute namba hiyo kwingine. Utaikuta ndani ya 5.96.

Lile kundi la 5.96 ndilo huwakatisha watu tamaa. Ni protoni moja, lakini limesambaratika mistari kumi au zaidi. Ukitumia n + 1 kwa majirani wanne utatabiri mistari mitano, na utakosea, kwa sababu majirani hao hawafanani. Wawili ni wale wa 3.32, wanaopasua kwa 6.7. Mwingine hupasua kwa hezi 10, na wa mwisho kwa 17. Hezi 10 na 17 ni sahihi ya bondi maradufu: jirani wa upande uleule na jirani wa upande wa pili. Kwa hesabu ni mistari 2 × 2 × 3, yaani 12, ambayo baadhi huangukiana. Na wenye 10 na 17 wako wapi? Ndio wale wawili wa 5.08. Mnyororo umefunga bila jedwali lolote: CH2, kisha CH, kisha CH2 ya mwisho kwenye bondi maradufu. Ile jozi ya tano tuliyoidai imepatikana.

Upande mwingine, 6.85 ni mistari miwili yenye J ya hezi 8. Kwenye pete ya benzini, hezi 8 ni ya majirani wanaogusana, na hezi 2 hivi ni ya walioachana kaboni moja. Mwenzake wa 8 amejificha ndani ya rundo la 6.69 pamoja na protoni ya tatu. Rundo hilo usilazimishe kulisoma mstari kwa mstari kwenye mashine ya 400. Vilele vilivyokaribiana kiasi hicho huacha kufuata kanuni rahisi.

Hatua ya 7: Sasa fungua jedwali

Swali la mahali sasa ni dogo, maana tunajua tunachokitafuta. Oksijeni huvuta elektroni na kuutoboa mwavuli wa jirani yake. Metili ya kawaida hukaa karibu na 0.9, yetu imesukumwa hadi 3.87, kwa hiyo ni OCH3. CH2 iliyo jirani na pete peke yake hukaa kati ya 2 na 3. Yetu iko 3.32 kwa sababu imebanwa kati ya pete na bondi maradufu, na vyote viwili vinaisukuma upande uleule.

Protoni za pete zina sababu yake maalumu. Elektroni za benzini huzunguka pete zikiwa ndani ya uga, na mzunguko huo hutengeneza uga wake mdogo ambao nje ya pete unaongezea ule mkubwa. Ndiyo maana benzini hukaa 7.36 ndani ya CDCl3, juu kabisa ya bondi maradufu za kawaida. Mbona zetu ziko 6.7 na 6.85? Kwa sababu oksijeni mbili zilizoshikana na pete huirudishia elektroni, mwavuli unakuwa mnene tena. Protoni za pete zikiwa chini ya 7, fikiria oksijeni au naitrojeni juu ya pete hiyo.

Hatua ya 8: Jaribu kuivunja hoja yako

Tuna pete yenye OH, OCH3 na mnyororo wa kaboni tatu. Usisaini bado. Jiulize ni molekuli gani nyingine ingetoa picha hii.

Ile ya 5.5 ni OH kweli? Tone moja la D2O ndani ya neli, tikisa, pima tena. Haidrojeni ya OH hubadilishana na deuteri na kilele hutoweka. Kisipotoweka, angalia orodha yako ya wageni: pengine kilele kingine kilicho karibu, cha 5.30, ni diklorometheni uliyoitumia kutenga.

Isoeujenoli ina fomula ileile na uzito uleule; kwa mizani ya molekuli huwezi kuzitenga. Kwa NMR ni dakika moja: bondi yake maradufu imeshikana na pete, hivyo hutoa metili ya mistari miwili karibu na 1.86, na 3.32 haipo.

Mgumu zaidi ni chavibetoli, inayopatikana ndani ya jani la tambuu. Ni eujenoli ambayo OH na OCH3 zimebadilishana viti. Hapa hesabu na majirani havitoshi, kwa kuwa vinafanana mno. Tunaomba msaada wa kipimo kingine cha mashine hiyohiyo, kiitwacho NOE, ambacho huonyesha protoni zilizokaribiana hewani, chini ya nanomita 0.5, hata kama haziunganishwi na bondi. Gusa OCH3 ya eujenoli kwa masafa yake, na mwitiko utaonekana kwenye 6.69, ile protoni ya pete isiyo na jirani wa hezi 8. Kwa chavibetoli mwitiko ungekwenda kwa protoni yenye mpasuko wa hezi 8.

Spektra ya kaboni nayo ithibitishe. Kaboni-13 ni asilimia 1.1 tu ya kaboni zote, na huyumba kwa robo ya kasi ya haidrojeni, hivyo mapigo yatakuwa mamia na utasubiri. Eujenoli hutoa mistari 10, moja kwa kila kaboni: 146.5, 143.9, 137.8, 131.9, 121.2, 115.5, 114.3, 111.1, 55.9 na 39.9. Hizo mbili za kwanza ni kaboni za pete zilizoshika oksijeni. Hapa usisome integrali; kaboni zisizo na haidrojeni hupumzika polepole na hutoa vilele vifupi.

Hatua ya 9: Rudi kwenye mafuta ghafi

Ukishaijua eujenoli, pima tone la mafuta ambayo hukuyasafisha. Utaona metili mpya 2.31, ya asetati, na metili za kariofilini karibu na 1.0 na 1.62. Sasa integrali inakuwa mizani. OCH3 za eujenoli na za asetati hukaribiana, 3.87 na 3.82, zijumlishe pamoja uzipe 3.00. Tuseme ile ya 2.31 ikatoka 0.30. Nayo pia ni protoni tatu, hivyo molekuli 10 kati ya kila 100 za jozi hiyo ni asetati. Hukuhitaji sampuli ya kulinganishia. Anayenunua mafuta kwa ajili ya dawa ya meno au manukato anaweza kuujua ukweli wa chupa yake kwa dakika chache, na asiyekuwa na elimu hii hubaki kuamini lebo.

Hatua ya 10: Andika

Andika ili mwingine aweze kukukagua: kiini, nguvu ya mashine, kiyeyushi, kisha kila kundi kwa mahali, umbo, J na idadi. Hivi:

Haidrojeni, megahezi 400, CDCl3: 6.85 (mistari miwili, J = 8.0 Hz, 1H), 6.69 (rundo, 2H), 5.96 (mistari mingi, J = 17, 10 na 6.7 Hz, 1H), 5.5 (mmoja, hutoweka kwa D2O, 1H), 5.08 (rundo, 2H), 3.87 (mmoja, 3H), 3.32 (miwili, J = 6.7 Hz, 2H).

Wageni uliowakata kwa penseli waandike pia, hata kama wanakuharibia sura ya karatasi. Na faili ghafi la mlio, lile la kabla ya hesabu za Fourier, lihifadhi mahali pawili, maana picha iliyochapishwa haiwezi kuchakatwa upya pale mtu atakapouliza kilichokuwa kimejificha chini ya lile rundo la 6.69.